Tiketi ya dola 1,180 au ya 905: mama wa miaka 66 asafirije kutoka Bukoba hadi Manchester?

"Mama yetu ana miaka 66, anaishi Bukoba, ana presha na anatumia amlodipine. Kaka yetu aliyeko Manchester anataka mama akakae naye miezi mitatu. Wakala ametupa njia mbili za kwenda na kurudi kutoka Dar: tiketi moja ya dola 1,180, anabadilisha ndege Doha; au tiketi mbili tofauti kupitia Dubai, jumla dola 905. Kaka anasema mashirika ya ndege siku hizi ni wezi: viti vimebanwa, bei iko juu, na ndege zenyewe zinaanguka kila mwezi. Mama naye, tangu ile ajali ya ziwani, hataki kusikia habari ya ndege ya Bukoba. Je, tunalipia nini hasa, na mama atafika salama?"

Dada, hapa kuna maswali matatu na kaka yako ameyatia kapu moja: thamani ya pesa, starehe na usalama. Nayatenganisha kwa sababu kila moja linapatikana kwa njia yake. Starehe inauzwa, ukiongeza pesa unaongezewa. Thamani imo kwenye masharti ya tiketi, ambayo wengi hawayasomi mpaka mambo yaharibike. Usalama abiria hauziwi kabisa: aliyelipa dola 905 na aliyelipa 5,000 kule mbele wanabebwa na injini zilezile na marubani walewale. Kwa hiyo msiongeze hata senti mkidhani mnamnunulia mama usalama. Kama mtaongeza, iwe kwa sababu nyingine, na kwa safari hii sababu hizo zipo.

Tuanze na hizo dola 275 za tofauti. Tiketi ya kwanza ni mkataba mmoja. Shirika limeahidi kumfikisha mama Manchester, halikuahidi Doha. Ndege ya kutoka Dar ikichelewa akaikosa ya Doha, ni wajibu wao kumtafutia nafasi nyingine bila kumtoza. Tiketi mbili ni mikataba miwili isiyojuana. Shirika la kwanza likimfikisha Dubai saa tano baadaye, lenyewe limemaliza kazi. La pili litaandika kwamba abiria hakutokea, na kwa kawaida kipande cha kwanza kisipotumika, vilivyobaki vyote, pamoja na cha kurudi, vinafutwa. Kisha kuna begi. Kwa tiketi mbili begi huishia Dubai, na ili alichukue na kulikabidhi upya lazima apite uhamiaji, na mwenye pasi ya Tanzania haingii Dubai bila viza. Ongeza gharama ya viza, ongeza malipo ya begi kama tiketi ya pili ni ya zile zisizo na mzigo, na faida ya 275 inaanza kuyeyuka. Kijana asiye na begi, mwenye viza na siku mbili za ziada, anaweza kuchukua njia hiyo. Kwa mama wa miaka 66, hapana.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani wakala hakuwaambia, nalo linahusu safari ya kurudi. Uingereza imebaki na kanuni ya fidia iliyorithi kutoka Umoja wa Ulaya, ile kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Inahusu kila ndege inayoondoka Uingereza, liwe shirika la nchi yoyote. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, abiria akifika mwisho wa safari yake amechelewa saa tatu au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika, analipwa pauni 520. Ucheleweshaji usipofika saa nne, shirika linaweza kuzipunguza hadi 260. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi dhidi ya Emirates, iliamua kwamba saa zinahesabiwa pale abiria anapofika mwisho, hata kama aliachwa na ndege ya pili huko Ghuba. Lakini safari yote lazima iwe kwenye bukingi moja. Hali mbaya ya hewa haimo, mgomo wa waongoza ndege haumo, ila ubovu wa kawaida wa ndege umo. Wakati wa kwenda, kwa shirika la Ghuba, fidia hiyo haipo.

Mtahakikishaje kwamba mmeuziwa tiketi moja kweli? Karatasi ya wakala isiwatoshe. Angalieni namba ya tiketi: ina tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika. Vipande vyote vya safari viwe chini ya namba hiyo moja. Kisha chukueni namba ya bukingi, ile ya herufi na tarakimu sita, muingie nayo wenyewe kwenye tovuti ya shirika. Bukingi ikionekana lakini namba ya tiketi haipo, nafasi imeshikwa tu na pesa yenu bado iko mfukoni kwa wakala. Na siku ya safari, begi likishafungwa lebo pale kaunta, someni herufi tatu kubwa: ziwe MAN. Zikiwa DOH, semeni hapohapo kabla begi halijaenda kwenye mkanda.

Kuhusu wizi. Mwezi Juni 2025 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilikadiria kwamba faida halisi ya mashirika kwa mwaka huo ni kama dola 7.20 kwa abiria mmoja. Si biashara ya watu wanaoogelea kwenye pesa. Sehemu kubwa ya nauli inakwenda kwenye mafuta, kukodi ndege, matengenezo na tozo za viwanja. Pale kaka yako ana hoja ni kwenye njia zetu wenyewe ndani ya Afrika. Nchi za Afrika zilikubaliana Yamoussoukro mwaka 1999 kufunguliana anga, zikazindua soko moja la anga Januari 2018, na hadi leo njia nyingi zina shirika moja au mawili tu. Pasipo ushindani, bei haishuki. Na kwenye mchanganuo wa tiketi yenu mtaona mstari wenye herufi YQ au YR uliopangwa pamoja na kodi. Hiyo si kodi ya serikali, ni nyongeza ya shirika lenyewe. Tofauti yake inaonekana safari ikivunjika: kodi za viwanja ambazo hazikutumika mara nyingi mnaweza kuzidai hata kwa tiketi isiyorejeshwa, ila YQ inafuata masharti ya nauli.

Sasa ndege kuanguka. Utafiti wa Arnold Barnett na mwenzake wa chuo cha MIT, uliotoka 2024, ulikuta kwamba kati ya 2018 na 2022 hatari ya kufa kwenye ndege za abiria duniani ilikuwa mtu mmoja kwa kila mara milioni 13.7 za kupanda ndege. Miaka ya 1968 hadi 1977 ilikuwa mmoja kwa kila 350,000. Ajali kama ya Ahmedabad ya Juni 12, 2025, iliyoua watu 241 kati ya 242 waliokuwa ndani, inakaa kwenye simu zetu wiki nzima. Barabarani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, wanakufa watu milioni 1.19 kwa mwaka, na hao hawatangazwi.

Lakini wastani wa dunia si wastani wa kila njia, na utafiti huohuo unasema wazi kwamba hatari inatofautiana sana kati ya kundi moja la nchi na jingine. Mwezi Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote yaliyopewa leseni Tanzania kwenye orodha yake ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Ulaya. Ya Kongo yamo humo siku nyingi. Watu wameielewa vibaya kwa pande zote mbili. Orodha haisemi kwamba kila ndege ni mbovu. Inasema kwamba Ulaya haijaridhika na jinsi mamlaka ya nchi inavyoyasimamia mashirika: wakaguzi wangapi, wana ujuzi gani, wanafuatilia vipi kasoro walizoziona. Kwa upande mwingine, kuiita hila za kibiashara na kuitupa ni kujidanganya, maana usimamizi ndio unaomzuia mwenye ndege kuahirisha matengenezo. Orodha hupitiwa upya mara kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo iangalieni wiki ya kununua tiketi. Halafu angalieni kama shirika mnalolifikiria limo kwenye rejista ya IOSA, ukaguzi wa usalama wa IATA, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Kipande cha Doha hadi Manchester hakigusi jambo hili. Kinachowahusu ni kile cha Bukoba hadi Dar.

Hofu ya mama ina msingi. Novemba 6, 2022 ATR 42 yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, asubuhi, kukiwa na hali mbaya ya hewa. Wakafa 19. Ziwa lile lina tabia yake: usiku upepo wa nchi kavu kutoka kila upande unakutana katikati ya maji, unapandisha hewa yenye unyevu, mawingu ya radi yanajengeka hadi alfajiri, na mengi yanasukumwa upande wa magharibi, yaani Bukoba. Ndiyo maana ule ushauri wa kawaida wa "panda ndege ya asubuhi, hewa imetulia" kwa Bukoba si wa kutegemea. Mkipata ndege ya mchana, bora zaidi. Na rubani akiamua kurudi Mwanza au kusubiri, abiria wasimpigie kelele. Uamuzi ule ndio huduma mliyolipia, na kelele za abiria ni shinikizo ambalo chumba cha marubani hakilihitaji.

Kuna njia ya tatu ambayo wakala wa Dar hana faida ya kuwatajia: Entebbe. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni kama kilomita 80, kisha Masaka, kisha Entebbe. Ni safari ya mchana mmoja kwa gari, Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, na mashirika makubwa ya Ghuba yanaruka kutoka pale. Mama anaepuka ndege ya ziwani, anaepuka pia kwenda kilomita zaidi ya 1,000 kusini hadi Dar ndipo arudi kaskazini. Ombeni bei ya Entebbe hadi Manchester, tiketi moja, mlinganishe na 1,180 mkijumlisha nauli ya Bukoba hadi Dar na hoteli ya usiku mmoja. Njia hii ina vikwazo viwili. Barabara ni hatari kuliko ndege, kwa hiyo gari nzuri, mchana tu, na afike Entebbe siku moja kabla. Pili, Uganda inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo lazima iwe imetimiza siku 10. Kama mama hajawahi kuchanjwa, asichanjwe kwa haraka dirishani: kwa mtu aliyepita miaka 60 anayechanjwa mara ya kwanza, madhara makubwa ya chanjo hiyo, ingawa ni nadra, ni mengi kuliko kwa vijana. Daktari apime kwanza. Akisema asichanjwe, baki na Dar.

Mkibaki na Dar, ndege ya ndani iwe siku moja kabla, siyo asubuhi ya safari. Na pimeni mizigo kwa kiwango cha ndege ya ndani, ambacho mara nyingi ni kilo 23 kwa jumla, hata kama ya kimataifa inampa mabegi mawili ya 23. Mizani ya Bukoba haijui kwamba senene ni za mjukuu.

Ndani ya ndege, mambo matatu ndiyo yanayoamua nani anaumia. Mkanda ufungwe muda wote akiwa kitini, chini kwenye nyonga, hata taa ikizimwa. Ndege ya Singapore Airlines kutoka London, Mei 2024, ilikumbana na mtikisiko wa ghafla, abiria mmoja akafariki na wengi wakaumia, wengi wao wakiwa hawajafunga mikanda. Bawa halivunjiki kwa mtikisiko wa namna hiyo, limejengwa lipinde. Kinachovunjika ni watu wanaorushwa darini. La pili, jaketi la kuokolea halijazwi upepo ndani ya ndege. Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikatua majini pwani ya Ngazija, na baadhi ya waliokuwa hai baada ya kugonga maji walinaswa ndani kwa sababu majaketi yao yalikwisha vimba, yakawapandisha darini maji yalipojaa. Linajazwa mlangoni, wakati wa kutoka. La tatu, mkoba unaachwa. Haneda, Tokyo, Januari 2024, watu 379 walitoka wote wakiwa hai kwenye ndege iliyoungua ikaisha, na video zinaonyesha watu wakishuka mikono mitupu. Mwambieni mama pasi, dawa na simu vikae kwenye pochi ya shingoni, ili asiwe na sababu ya kurudi kuchukua kitu. Akishakaa, ahesabu kwa mkono migongo ya viti hadi mlango wa dharura ulio karibu, mbele au nyuma. Kwenye moshi hakuna anayeona.

Kuhusu kubanwa, kaka yako yuko sawa. Nafasi ya kutoka kiti hadi kiti daraja la kawaida ni sentimita 79 hadi 81, na mashirika ya bei nafuu hushuka hadi 71. Upana nao umepungua: Boeing 777 iliyokuwa na viti tisa kwa mstari sasa mara nyingi ina kumi, kila kimoja karibu sentimita 43. Airbus A350 yenye tisa na A380 huwapa kama 45 au 46. Sentimita mbili au tatu ni nyingi kwa usiku mzima. Aina ya ndege imeandikwa kwenye ukurasa wa bukingi, na kwa bei ileile mnaweza kuchagua saa nyingine yenye ndege nzuri zaidi. A350 na Boeing 787 zina faida nyingine kwa mtu mwenye presha: hewa ya ndani hukaa kama ya mwinuko wa mita 1,830, wakati ndege za zamani hufika hadi mita 2,440. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya haoni kitu, lakini mwenye moyo dhaifu, mapafu mabovu, upungufu mkubwa wa damu au selimundu anaona. Kama kuna selimundu kwenye familia na mama hajawahi kupimwa, huu ndio wakati.

Kiti chake kiwe cha kando ya njia. Wazee wengi huacha kunywa maji wasiwasumbue majirani kwa kwenda chooni, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Kuganda kwa damu mguuni kunaletwa zaidi na kukaa bila kusogea. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 ulionyesha kwamba safari ya zaidi ya saa nne huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, ingawa bado ni mtu mmoja kati ya 6,000. Asimame kila saa mbili, apandishe na kushusha visigino mara 20 akiwa kitini, na avae soksi za kubana zinazofika chini ya goti, zilizopimwa kwa mguu wake, asubuhi kabla miguu haijavimba. Aspirini asianzishiwe na nyie kwa sababu jirani alisema. Kama ana dawa ya kukojoza, asiiruke bila kumuuliza daktari.

Huduma ya kiti cha magurudumu ombeni kwa shirika angalau saa 48 kabla. Haitozwi, na si ya wasioweza kutembea tu. Mwambieni wakala aandike WCHR, yaani anatembea lakini masafa marefu yanamshinda. Faida kubwa Doha ni mtu wa kumfikisha mlangoni kwake bila kusoma ubao. Muda wa kubadilisha ndege uwe saa mbili na nusu hadi nne. Dawa zote, za miezi mitatu, ziwe kwenye begi la mkononi ndani ya vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari. Akibeba pawabenki, nayo ni ya mkononi, kamwe si ya begi kubwa, isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, wanaweza kumzuia. Mzigo usipofika Manchester, asitoke ukumbini bila ripoti ya maandishi. Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa haki za abiria wa ndege, unawapa hadi SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), karibu dola 2,000. Madai ya begi lililoharibika ni ndani ya siku saba, lililochelewa ni siku 21 tangu mlikabidhiwe.

Kabla ya kununua chochote mpelekeni kwa daktari, wiki nne au zaidi kabla. Kipimo cha nyumbani cha kuanzia: atembee mita 50 kwa mwendo wake wa kawaida, au apande ngazi za ghorofa moja. Akihema kiasi cha kushindwa kuongea, asipande ndege mpaka ajulikane ana nini. Vivyo hivyo kama presha haijatulia na dawa, kama amefanyiwa upasuaji, amelazwa kwa moyo au amepata kiharusi miezi ya karibuni.

Na kaka ajue la kuangalia mama akifika. Amlodipine yenyewe huvimbisha vifundo vya miguu, na ndege huongeza. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, bila maumivu, ikapungua akiinyoosha juu ya mto, hiyo si ya kukimbiza hospitali. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, shavu la mguu likauma na kuwa la moto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni wiki ya tatu tangu afike. Akibanwa kifua au kukosa pumzi ghafla, wapige 999, namba ya dharura ya huko.